Hilo "Ji" Umelitoa Wapi?

Kazi yenyewe ilikuwa ripoti ya kurasa 42 kuhusu nyavu na viumbe vinavyokufa ndani yake bila kutakiwa na mtu: kasa, pomboo, nguva, na yule samaki wetu aliyeitangaza Tanga duniani, silikanti. Kiingereza chake kilikuwa cha kawaida, hakina mikogo. Lakini kila baada ya mistari michache lilikuwapo neno "entangled". Kasa "entangled", pomboo "entangled", kamba za maboya "entangled", na karibu na mwisho hata wavuvi wenyewe walikuwa "entangled" katika madeni ya matajiri wa samaki. Mimi hulipwa kwa idadi ya maneno. Neno likijirudia nafurahi, maana unalihangaikia mara moja, mara zote zinazofuata unakula bure. Nikaandika "kutatana". Kasa aliyetatana. Pomboo waliotatana. Wavuvi waliotatana katika madeni. Nikaona kazi imekwisha.

Kabla ya kuikabidhi niliombwa niende kuisoma mbele ya wavuvi wenyewe, Kigombe, kijiji kilichopo njia ya Tanga kwenda Pangani. Pale ni kwetu kwa upande wa mama. Nilikuta wazee wamekaa chini ya mkungu, nikatoa shikamoo moja moja mpaka zikaisha, nikaletewa kiti cha plastiki ambacho mguu mmoja ulikuwa umefungwa kwa mshipi, nikafungua makaratasi na kuanza kusoma kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Nilipofika kwa "kasa aliyetatana" kijana mmoja nyuma akacheka. Nikaendelea. Kwa "pomboo waliotatana" wakacheka wengi. Mjomba wangu, ndugu wa mama kwa ukoo, mtu ambaye nusu ya vidole vyake vina makovu ya mshipi, akanyanyua mkono.

"Mpwa wangu, kasa anatatanaje? Kasa ni nywele?"

Nikamwambia kwamba maana yake amezungukwa na wavu, hawezi kutoka.

"Hiyo naijua, nimewatoa wengi. Nauliza kutatana. Kinachotatana ni uzi na uzi mwenzake. Mshipi unatatana. Jarife likitupwa ovyo ndani ya chombo linatatana. Kasa yupo peke yake humo. Anatatana na nani?"

Nimesoma sarufi miaka mingi, nimefundisha watu wazima vitenzi vya kutendana, na sikuwahi kuelezwa ile "-ana" kwa ufupi namna ile.

Akaagiza wavu. Akautandaza juu ya mchanga na kunionyesha kwa mkono wake, mkono ukiwa ndiye samaki. Kwanza akaingiza ngumi kwenye jicho la wavu, ikapita, akajaribu kuirudisha, uzi ukamkamata kwenye kifundo. "Huyu kanasa mashavuni. Kichwa kimepita, akirudi nyuma mashavu yanamkatalia." Akasukuma mbele zaidi mpaka wavu ukamkaba katikati ya mkono. "Huyu kakabwa kiwiliwili." Akauma uzi kwa vidole viwili. "Huyu kashikwa mdomo, nguru huwa hivi, kwa meno yake." Halafu akaanza kuuzungusha mkono wote ndani ya wavu, akijitupa huku na huku, hadi ukapotea kabisa, kimebaki kifurushi. "Na huyu kajizonga. Papa. Kasa. Taa. Na huyo samaki wenu wa wazungu."

Nilikuja kukuta baadaye kwamba wataalamu wa uvuvi nao wanagawa mambo hivyohivyo. Wana vitenzi vinne vya namna wavu wa kutega unavyokamata samaki, na "entangle" ni kimoja tu kati ya vinne, kile cha yule asiyepita kwenye jicho la wavu bali hushikwa kwa miiba, kwa mapezi, kwa kujipindua. Kwa maana hiyo mwandishi wa ripoti hakuwa amerudia neno kwa uvivu. Lilikuwa neno la kazi. Mvivu alikuwa mimi.

Silikanti ni mfano mzuri wa jambo hili. Mpaka mwaka 1938, alipopatikana mmoja Afrika Kusini, wataalamu waliamini samaki wa jamii ile walitoweka pamoja na madainosari, yapata miaka milioni 66 iliyopita. Huku kwetu alianza kuonekana kwenye miaka ya 2003 na 2004, kwanza Songo Mnara kule Kilwa kisha Tanga, kwa sababu wavuvi walikuwa wameanza kutega jarife kwenye maji ya kina kirefu wakitafuta papa. Jarife lina macho makubwa. Silikanti hanasi mashavuni. Ni pandikizi la samaki, mapezi yake yana nyama na yamechomoza kama viungo vya mnyama, na akiguswa na uzi hufanya anachofanya kila mtu: hupigania roho yake. Kila anapojipindua uzi unaongeza mzunguko. Mwaka 2009 sehemu ile ya bahari, Kigombe ikiwemo, ikatangazwa kuwa hifadhi yenye jina lake. Kwa hiyo tunaweza kusema hifadhi nzima imezaliwa na kitenzi kimoja.

"Kajizonga," mjomba akarudia, akijinasua polepole, kidole kimoja kimoja. "Wavu haukufanya kitu. Wavu umetulia."

Vijana wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikanyamaza, maana lile "ji" lilinigusa pabaya, na pale mkunguni hakuna aliyejua.

Miaka kadhaa nyuma, nikiwa bado kijana wa kutafsiri chochote kinachokuja, nilikuwa na meza ndani ya duka la vifaa vya ofisi Dar es Salaam, katikati ya mashine ya fotokopi na mtu wa kupiga picha za pasipoti. Jioni moja kampuni fulani iliniletea taarifa ya uchunguzi, kurasa sita, ikitakiwa asubuhi. Ilimhusu mtunza stoo wao. Wauzaji wawili wa vifaa vya ujenzi walikuwa wanagombana juu ya mzigo, nani kaleta na nani hakuleta, na sahihi ya mtunza stoo ilikuwa kwenye hati za pande zote mbili. Mchunguzi, mgeni asiyejua Kiswahili, aliandika kwamba mzee huyo "became embroiled in a dispute between two suppliers".

Nikaandika: "alijiingiza katika ugomvi wa wauzaji wawili".

Ilikuwa saa sita za usiku, umeme umekatika mara mbili, na sentensi ile ilinitoka laini kabisa. Sikusita hata kidogo. Ndivyo tunavyosema, si ndivyo? Kajiingiza kwenye mambo ya watu. Kajitia kimbelembele.

Wiki mbili baadaye mzee wa makamo ya baba yangu alisimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa utaratibu, akakaa, akatoa bahasha. Ndani yake mlikuwa na tafsiri yangu, na chini ya mstari ule palikuwa pamepigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Kikao cha nidhamu kilikuwa kimesomewa maneno yangu. Mmoja wa wajumbe alikuwa amemwambia, "Mzee, hapa imeandikwa umejiingiza mwenyewe, sisi tufanyeje?"

"Mwanangu," akaniambia, "mimi Kiingereza sikijui. Lakini kuna kijana wa jirani yetu yuko chuoni, nimempa hiyo karatasi nyingine anisomee. Kaniambia pale hakuna 'mwenyewe'. Sasa hilo 'ji' umelitoa wapi?"

Nilianza kujieleza. Nikamwambia kitenzi hicho kimetoka kwa Wafaransa, "embrouiller", kuvuruga, kukoroga mambo mpaka yasieleweke. Nikamwambia kwa Kiingereza mtu anaweza kuwa ndani ya ugomvi pasipo sentensi kusema aliingiaje. Akanisikiliza kwa adabu yote. Mwishowe akaniuliza swali la pili: "Basi kama hakikusema, wewe umesemaje?"

Sikuwa na jibu, na nadhani hadi leo kazi yangu yote ni kulitafuta.

Tazama tatizo lilivyo. Kiingereza kinamruhusu mtu kuwa "embroiled" bila kutaja mkono uliomtia humo. Kiswahili hakina subira hiyo. Ukitaka kitenzi cha kuingia kwenye ugomvi, lazima uchague mnyambuliko, na kila mnyambuliko una hukumu yake. Aliingizwa: yupo mtu aliyemsukuma. Aliponzwa: yupo mtu, tena wa karibu, huenda rafiki, aliyemletea balaa. Alikumbwa: mambo yalikuja kama upepo. Alijiingiza: shauri yake. Na ajabu ya lugha hii ni kwamba lipo "ji" jingine lisilo na hatia hata chembe. "Alijikuta katikati ya ugomvi wa wauzaji wawili." Ni "ji" ileile, herufi mbili zilezile, na mzee angerudi stoo kwake.

Niliandika barua ya masahihisho, nikaipeleka mwenyewe. Mapokezi wakaigonga muhuri wa kupokelewa. Uamuzi ulikuwa umeshatoka. Mzee alilipwa haki zake, kazini hakurudi. Alikuja kunieleza hivyo bila ugomvi, akanywa maji niliyompa, akaniombea dua. Afadhali angenitukana.

Nikanunua daftari. Nilitaka kuandika humo kila kitenzi cha Kiingereza cha kunaswa, kufungwa, kuzungukwa, kupotana, lakini badala ya maana yake niandike jibu la swali moja: nani kasokota?

"Ensnare" kilikuwa rahisi. Ndani yake mna kitanzi, kile cha kamba kinachotegwa njiani kwa kanga na paa. Mtego haujitegi. Ukisema "alinaswa", mwindaji hatajwi lakini kila msomaji anamwona yuko nyuma ya kichaka.

"Entrap" kilinichanganya zaidi, kwa kuwa magazeti yetu yana msemo wake: fulani kawekewa mtego, kakamatwa na fedha za mtego mkononi. Huo kwetu ni ujanja halali wa kumkamata mla rushwa, na msomaji anashangilia. Kumbe katika sheria za wenye Kiingereza kitenzi hicho mara nyingi ni malalamiko ya mshtakiwa: kwamba asingefanya kosa lile kama wakuu wenyewe wasingemshawishi. Mtego uleule, huku sifa, kule shutuma. Na usije ukakitafsiri kwa "kubambikiwa kesi", kwa sababu aliyebambikiwa hakufanya kitu, na aliyenaswa kwa mtego kafanya.

"Enmesh" kinakwenda polepole. Hakuna siku moja unayoweza kuitaja kwamba ndiyo siku mtu aliyoingia. Jicho moja la wavu, la pili, la tatu. Hapo nimeshindwa kupata neno moja, huwa natumia maneno matatu na kumwachia mteja alalamikie bei.

"Implicate" ni kukunja. Kilatini chake ni kukunjia ndani, kama mwenzake "complicate" ni kukunja pamoja, na "explicate" ni kukunjua. Magazeti yetu yanasema "anahusishwa", neno la woga, neno la mhariri anayeogopa mahakama, nalo linafaa kabisa.

"Snarl" ni fedheha yangu ya siri. Kenya magazeti ya Kiingereza hulitumia kila siku kwa foleni za barabarani. Mimi nililifahamu kwa mbwa tu, lile la kuonyesha meno. Mara ya kwanza kukutana nalo nikatafsiri kwamba magari ya Nairobi "yalinguruma kwa saa tatu". Kumbe ni neno jingine lenye sura hiyohiyo, la uzi na nywele zilizoshikana. Mteja hakugundua. Huenda aliona ni kweli tu, maana magari yakikaa saa tatu kwenye foleni hunguruma.

Mwenzangu mmoja wa kazi, Mlutheri wa Lushoto, aliliona daftari akaniambia kwamba ninachokihangaikia kilishahangaikiwa zamani. Akaniletea Biblia mbili: ile ya Kiingereza ya kale, ya Mfalme James, na ya Kiswahili ya mwaka 1952. Tukakaa jioni nzima tukifuata kitenzi kimoja, "entangle". Pale Mafarisayo wanapotafuta namna ya kumkamata Yesu kwa maneno, Mathayo 22, Kiingereza kinasema wam"entangle". Kiswahili kinasema wamtege. Pale Paulo anapowaonya Wagalatia wasirudi tena utumwani, Kiingereza kina "entangled". Kiswahili kinasema wasinaswe. Na pale anapomwandikia Timotheo kwamba askari hashughulikii mambo ya kidunia, Kiingereza kina "entangleth himself", na Kiswahili kinasema "ajitiaye". Neno moja, kumbe vitenzi vitatu: kutega, kunaswa, kujitia. Ni kana kwamba waliotafsiri walijiuliza kila mara ni mkono wa nani. Na ile "ji" ya kitenzi cha tatu imewekwa pale ambapo Kiingereza kimesema wazi "himself". Mwenzangu akanigusa bega: "Unaona? Ina risiti."

Sikumsimulia habari ya mtunza stoo. Nilitamani.

Si kila kusokotana ni balaa, lakini. Kipo "entwine", na hiki nakipenda kwa ajili ya bibi yangu mzaa mama. Asili yake ni "twine", uzi uliosokotwa, na ndani ya "twine" na "twist" kuna mbili: nyuzi mbili. Bibi alikuwa anafukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, anayaacha miezi, anayafukua yananuka kama mwisho wa dunia, anayaponda kwa gongo mpaka libaki usumba safi. Kisha anakaa, mguu ameunyoosha, anasokota juu ya paja. Jambo nililolielewa nikiwa mtu mzima ni hili: uzi wa kwanza anausokota upande mmoja, wa pili upande uleule, halafu anapoziunganisha anazisokota kwa kurudi upande wa pili. Kila uzi unataka kufumuka, na kule kutaka kufumuka kwake ndiko kunakoukaza mwenzake. Kamba inashikiliwa na mvutano wake yenyewe. Nywele husukwa, ukili husukwa, mkeka husukwa, lakini kamba husokotwa, na bibi angekusahihisha ukichanganya. Tumbo nalo husokota, hilo ni jambo jingine.

Nilimkumbuka bibi mwaka 2022, tuzo ya Nobel ya fizikia ilipokwenda kwa Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger kwa majaribio ya chembe za mwanga zilizo "entangled". Mwalimu mmoja wa sekondari akaniomba nimsaidie kuieleza kwa Kiswahili kwa wanafunzi wake. Safari hii hakuna wavu, hakuna mwindaji, hakuna aliyejiingiza. Chembe mbili zimetengana, na bado hali ya moja haielezeki bila ya nyingine. Erwin Schrödinger, aliyelipa jambo hilo jina mwaka 1935, alitumia kwa Kijerumani "Verschränkung", neno la kupishanisha, kama mtu anavyokunja mikono kifuani, mmoja juu ya mwingine. Kwa Kiingereza yeye huyohuyo akaandika "entanglement", na fujo ya uzi ikaingia mahali ambapo haikuwapo. Nikampa mwalimu "mfungamano". Sijui kama wanafunzi walielewa fizikia, ila angalau hawakuwahurumia chembe.

Halafu kuna tata, ukoo mkubwa kuliko wote. Kutata, kutatana, kutatanisha, kutatiza, tatizo, utata, matata. Matata! Watalii wanaoimba kwamba hakuna matata, wakiwa wamevaa fulana zenye maneno hayo, hawana habari kwamba wanazungumzia uzi. Na mwishoni mwa ukoo huo yuko mtoto mwema, tatua. Kutatua tatizo ni kuukuta uzi umeshikana na kuuachanisha, ndivyo lugha inavyoona. Tuna utajiri wa hivyo: funga na fungua, kunja na kunjua, tega na tegua, fuma na fumua, nasa na nasua. Waingereza nao wana kiambishi chao cha mbele cha kurudisha mambo nyuma, lakini hakiaminiki. "Ravel" ni kutatana, na pia ni kufumuka. Ukitia "un" mbele, "unravel", unapata kufumuka. Yaani neno na kinyume chake ni kitu kimoja, na hakuna anayeshtuka. Na kwa "embroil" hali ni ngumu zaidi: sijawahi kusikia mtu akitumia kinyume chake katika mazungumzo. Ukishatiwa humo, kwa Kiingereza ni nadra kusikia kitenzi cha njia ileile cha kukutoa.

Kwa nini basi, nikiwa na daftari lote hilo, nilikwenda Kigombe na kasa aliyetatana? Nimejiuliza. Daftari lilikuwa kabatini. Miaka ilikuwa imepita, watoto wanataka ada, ripoti ni ndefu, na mtu hujisahau. Nadhani pia nilidhani kwamba "ji" ni hatari kwa binadamu tu, kwamba kasa hana kikao cha nidhamu.

Pale mkunguni nikafuta kutatana mara zote. Kasa wakawa wamejizonga. Nilimuuliza mjomba, kwa uangalifu, kama kumwambia kasa kajizonga si kumpa kosa. Akanitazama kama nimeuliza kama maji yana chumvi. "Kasa anavuta pumzi kama wewe. Akizongwa huko chini anakufa maji. Ungekuwa wewe usingejitupa? Kajizonga maana yake alikuwa anataka kuishi. Kosa la aliyetega." Kwa hiyo ipo "ji" ya tatu, nikaiandika kiganjani kwa kuwa daftari sikuwa nalo.

Tukafika ukurasa wa 40. Nikasoma, kwa sauti ya chini kuliko mwanzo: "wavuvi waliotatana katika madeni". Hapa hakucheka mtu.

"Hapo andika 'tumetegwa'," akasema mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi. "Tajiri anakupa mashine na wavu, hamwekeani maandishi, halafu samaki unamuuzia yeye tu, kwa bei yake. Deni halishuki. Huo si mtego?"

"Mtego gani?" kijana aliyenicheka akadakia. "Nani alikushika mkono? Mashine uliifuata mwenyewe mpaka mjini. Tumejitia."

"Umejitia wewe. Mimi nimerithi deni la baba."

"Basi wewe umeponzwa na baba yako."

"Mwacheni marehemu!"

Wakaanza wote. Mmoja akasema tumenasa, akimaanisha mashavuni, kwamba mbele hupiti na nyuma hurudi. Mwingine akataka "tumekabwa". Wawili waliokuwa wamekaa pamoja wakahama, kila mmoja upande wake. Mjomba alikuwa anakunja wavu wake bila kusema neno, naye pia ana tajiri, nilijua hilo tangu utotoni. Mimi nimeshika kalamu juu ya karatasi kama karani wa mahakama, sijui niandike la nani. Walikuwa wanabishana juu ya mnyambuliko wa kitenzi na sauti zilikuwa zimepanda kama watu wanaogawana mirathi. Adhana ya alasiri ikawaokoa, na mimi ikaniokoa. Nikaacha nafasi wazi.

Kwenye basi la kurudi Tanga nilijaribu yote. Waliotegwa: tajiri akiisoma atasema nimemshitaki, na wengine wao ni ndugu zetu. Waliojitia: nilimwona mtunza stoo na kofia yake. Waliojikuta: ni uongo, mtu hajikuti ana mashine ya farasi 15. Mwishoni nikaandika "wavuvi waliozongwa na madeni". Madeni ndiyo yanayozonga, hakuna mtu aliyetajwa, sentensi imesimama vizuri. Nikaikabidhi Jumatatu.

Miezi minne baadaye nakala zilizochapishwa zikafika kijijini. Mjomba akanipigia simu, nikasikia upepo na watoto nyuma yake. Alinisifu kwa kasa. Akasema wamesoma mpaka mwisho, hata ukurasa wa 40.

"Waliozongwa na madeni," akasoma polepole. Kimya kidogo. "Mpwa wangu, umetukwepa."